Safari ya ndege ya mbwa yataka miezi sita

Msomaji mmoja wa mtaa wa South B jijini Nairobi ametuandikia barua ambayo bila shaka itawagusa wengi. Mkewe, ambaye ni muuguzi, amepata kazi nchini Uingereza na familia nzima imepangiwa kusafiri baada ya majuma matatu. Notisi ya nyumba wameshatoa, viti na makabati yameanza kuuziwa majirani, nao watoto wameagana na walimu wao. Limebaki tatizo moja tu. Kifungua mimba wao, msichana wa miaka tisa, amekataa katakata kuondoka bila mbwa wao aitwaye Simba. "Tafadhali tujulishe," auliza baba huyo, "mbwa hulipiwa nauli ya mtoto au ya mtu mzima?"

Bwana wa South B, nauli ndiyo shida ndogo kabisa. Kwa majuma matatu uliyobakisha, Simba hawezi kuingia Uingereza na kwenda moja kwa moja nyumbani kwenu, hata akikatiwa tiketi ya daraja la kwanza. Hata hivyo, usimwambie binti yako bado. Njia ipo, nasi tutaieleza hapa kwa manufaa yako na ya wengine wanaojiandaa kwenda ng'ambo, wawe na mbwa au paka.

KISA NI KICHAA CHA MBWA

Masharti yote makali utakayoyasoma hapa chini yametokana na ugonjwa mmoja, yaani kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huwaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia. Katika kila watu 100 wanaouambukizwa, 99 huwa wameupata kwa mbwa. Chanjo ya haraka baada ya kuumwa humwokoa mtu, lakini dalili zikishajitokeza, ni nadra sana mgonjwa kupona.

Uingereza ilifaulu kuuondoa ugonjwa huu miongoni mwa mbwa na paka wake, na kwa miaka mingi ikajilinda kwa kuwafungia wanyama wageni katika karantini kwa miezi sita. Mwaka wa 2000 ilianza kuwaruhusu wanyama kutoka nchi chache kuingia kwa chanjo na vipimo badala ya kufungiwa. Kuanzia Januari 2012, wanyama kutoka nchi kama Kenya nao wakapata nafasi hiyo, mradi watimize kila sharti. Nchi za Umoja wa Ulaya zina masharti yanayokaribiana sana na hayo.

HESABU YA SIKU

Hatua ya kwanza ni chipu. Hiki ni kidude kidogo kama punje ya mchele ambacho daktari wa mifugo hukidunga chini ya ngozi ya mnyama, karibu na shingo. Ndani yake mna nambari ya tarakimu 15, nayo ndiyo kitambulisho chake maishani.

Hatua ya pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa, na mnyama awe ametimiza majuma 12. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Chanjo iliyodungwa kabla ya chipu haihesabiwi, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu aliyeletwa uwanjani. Mbwa wengi wa Nairobi wamechanjwa vizuri lakini hawana chipu. Hao huanza upya.

Hatua ya tatu ni kipimo cha damu. Damu hutolewa siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, kisha hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa, kama zilizoko Uingereza na Ujerumani. Kinga inayotafutwa ni kipimo cha 0.5 au zaidi. Ikipungua hapo, mnyama huchanjwa tena na kupimwa tena.

Hatua ya nne ni kungoja. Ni lazima miezi mitatu ipite tangu siku damu ilipotolewa. Si tangu majibu yalipofika, na si tangu siku ya chanjo.

Sasa tufanye hesabu. Mbwa akitiwa chipu na kuchanjwa Januari 5, damu itatolewa mapema kabisa Februari 4, na ataweza kusafiri Mei. Hiyo ni miezi minne ikiwa kila kitu kitakwenda sawa. Ukiongeza siku za kutafuta maabara, kutuma damu na pengine kurudia kipimo, jiwekee miezi sita. Kwa mtoto wa mbwa aliyezaliwa leo, ina maana kwamba hawezi kuingia Ulaya akiwa na umri wa chini ya takriban miezi saba. Jambo la kufurahisha ni kwamba kipimo hicho hakirudiwi tena mradi chanjo zinazofuata zisichelewe hata siku moja.

Zikibaki siku chache ndipo hufuata vyeti. Cheti cha afya cha kuingilia Uingereza au Ulaya hutolewa katika siku 10 za mwisho kabla ya kuwasili, na huthibitishwa na Idara ya Huduma za Mifugo ya serikali, yenye makao yake Kabete. Mbwa, si paka, anayekwenda Uingereza hupewa pia dawa ya tegu na daktari, ambaye huandika saa kamili aliyoitoa. Dawa hiyo itolewe si chini ya saa 24 wala zaidi ya saa 120 kabla ya kuingia.

Asiyetimiza masharti haya hufungiwa karantini hadi miezi minne kwa gharama ya mwenyewe, au hurudishwa alikotoka.

Kwa wanaokwenda Marekani, nchi hiyo ilikaza kamba kuanzia Agosti 1, 2024. Mbwa asiyefikisha miezi sita haingii, chipu ni lazima, na wanaotoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, Kenya ikiwa mojawapo, wana masharti ya ziada. Watake wenyeji wako huko wakusomee masharti ya sasa kabla hujalipa chochote.

USIDHANI UTAPITA TU

Wapo wanaoamini kwamba mwenye pesa au jina kubwa hupita. Mwaka wa 2015 mwigizaji Johnny Depp na aliyekuwa mkewe, Amber Heard, waliingia Australia kwa ndege ya binafsi wakiwa na mbwa wao wawili wadogo, Pistol na Boo, bila kuwatangaza. Waziri wa kilimo wa nchi hiyo alitangaza hadharani kwamba mbwa hao waondoke upesi ama wauawe. Waliondoka. Mwaka uliofuata, Heard alisimama kortini na kukiri kwamba alitoa hati yenye maelezo ya uongo. Ikiwa hao hawakupita, sisi tutapitia wapi?

NJIA YA SIMBA

Sasa turudi kwa bwana wa South B. Muuguzi na atangulie kazini. Simba atiwe chipu na kuchanjwa juma hili hili, na mmoja wenu abaki nyuma ikiwa mambo ya kazi na viza yanaruhusu. Kuna sheria isiyojulikana na wengi: mnyama na mwenyewe wakipishana zaidi ya siku tano katika kuingia Uingereza, mnyama huhesabiwa kama bidhaa ya biashara, na masharti yake ni magumu zaidi. Kwa hiyo hati zote za Simba ziandikwe kwa jina la yule atakayesafiri mwisho. Ikiwa ni wewe baba, basi jina liwe lako, si la mama watoto.

Jambo jingine ni kwamba usimtafutie Simba nafasi miguuni mwako ndani ya ndege. Mashirika kadhaa ya ndege huruhusu paka au mbwa mdogo akae chini ya kiti katika safari fulani, lakini wanaoingia Uingereza kwa ndege husafirishwa kama shehena, isipokuwa mbwa wa kuwaongoza vipofu na wengine wa kazi kama hiyo. Hilo lisikutishe. Sehemu wanamowekwa wanyama ina mgandamizo wa hewa sawa na ule wa abiria na huwa haiachwi iwe baridi kupita kiasi. Muhimu ni kuweka nafasi mapema, kwa sababu kila ndege hubeba wanyama wachache tu.

KIZIMBA

Shirika la kimataifa la usafiri wa ndege, IATA, limeweka kanuni za kizimba, na mnyama aliye katika kizimba kibaya huachwa uwanjani. Chukua futi ya fundi cherehani umpime mbwa akiwa amesimama. Urefu wa kizimba ni kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa mkia, ukiongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele kutoka chini hadi kiwiko. Upana ni upana wa mabega mara mbili. Kimo ni kutoka chini hadi ncha ya masikio au utosi, kutegemea kilicho juu zaidi, pamoja na unene wa matandiko.

Mathalani, mbwa mwenye sentimita 80 kutoka pua hadi mkia, mguu wa sentimita 30 hadi kiwiko na mabega ya sentimita 20 huhitaji kizimba chenye urefu wa sentimita 95 na upana wa 40. Anapaswa kusimama, kugeuka na kulala bila kujikunja.

Kizimba kiwe na matundu ya hewa pande zote nne, mlango wa chuma unaojifunga barabara, na vyombo vya maji na chakula vinavyoweza kujazwa kutoka nje. Fundi seremala anaweza kukiunda kwa mbao, lakini mpelekee kanuni za shirika lako la ndege kabla hajakata ubao wa kwanza.

Nunua kizimba mapema, si siku ya safari. Kiweke sebuleni mlango ukiwa wazi, mlishe mnyama humo, kisha funga mlango kwa dakika tano, kumi, saa nzima, hata alale humo usiku kucha. Mbwa aliyezoea kizimba hukiona kama chumba chake. Yule anayekiona mara ya kwanza uwanjani hukiona kama jela, naye huweza kujiumiza meno na kucha akijaribu kutoka.

DAWA YA USINGIZI HAPANA

Wengi hufikiri ni huruma kumpa mnyama dawa ya usingizi. Madaktari wa mifugo hukataza. Dawa hizo hushusha nguvu za damu, hupunguza pumzi na humfanya mnyama ashindwe kujishikilia ndege inapoyumba, na huko hakuna daktari wa kumtazama. Mashirika mengi humkataa mnyama aliyelevywa.

Wenye pua fupi, kama bulldog, pug, boxer na paka wa Persian, wako hatarini zaidi kwa sababu hupumua kwa shida wakipata joto au hofu. Mashirika kadhaa hayawabebi kabisa. Machi 2018 nchini Marekani, mtoto wa mbwa wa aina ya French bulldog alikufa baada ya kuwekwa katika kabati la mizigo la juu ya viti katika safari ya kutoka Houston kwenda New York. Kama mbwa wako ni wa aina hii, mwulize daktari kwanza, na uchague ndege ya moja kwa moja badala ya kushukia mahali penye joto kali.

Siku ya safari, mpe mlo mdogo muda wa saa nne hivi kabla ya kumkabidhi, na maji mpaka mwisho. Mtembeze ajisaidie. Tandika magazeti chini (hata hili, ukishalisoma) na juu yake nguo yako kuukuu isiyofuliwa ili apate harufu ya nyumbani. Usimfunge kamba wala mdomo ndani ya kizimba. Maji yaliyogandishwa katika chombo hayamwagiki upesi, na huyeyuka taratibu njiani.

ASIYEWEZA KWENDA

Tuseme ukweli: si kila mnyama anayepaswa kupelekwa. Mbwa mzee sana, mgonjwa au mwenye mimba ni heri abaki. Na wapo wazazi watakaopiga hesabu ya daktari, maabara na shehena, waone kwamba fedha hizo ni karo ya mtoto. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kumwachia bawabu wa ploti mbwa na elfu moja ya chakula, ukijua kwamba itakwisha kabla hujazoea baridi ya London. Mbwa huyo hugeuka kuwa mbwa koko, chanjo yake hupitwa na wakati, na mtoto wa jirani ndiye atakayeumwa.

Mtafutie jamaa au rafiki aliyekuwa akimjua tangu mwanzo, umkabidhi pamoja na kadi ya chanjo. Ukikosa, zungumza mapema na chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, KSPCA, ambacho huwatafutia wanyama makao mapya. Kisha mweleze mtoto wazi. Mtoto aliyedanganywa kwamba mbwa "atakuja na ndege ya kesho" atakaa dirishani akingoja, na siku atakayojua ukweli hatakulaumu kwa sababu ya mbwa, bali kwa sababu ya uongo.

Kwa hiyo, wewe uliyetuma maombi ya kazi au chuo ng'ambo na bado unangoja jibu, usisubiri viza itoke. Kesho ni Jumatatu. Mpeleke mnyama wako atiwe chipu, kisha achanjwe, kwa mpangilio huo huo. Viza ikikosekana hutakuwa umepoteza kitu, kwani mbwa aliyechanjwa ni faida kwa mtaa mzima.