Ukishindwa na mbwa uliyemchukua, mrudishe. Usimtupe Mwakirunge

UMEMCHUKUA Jumamosi. Kufikia Jumatano hujalala. Mbwa amejibanza chini ya kitanda, ukimwekea ugali na matumbo hagusi mpaka uzime taa, ukimsogelea anaonyesha meno. Usiku wa manane ndipo anapokumbuka kubweka, na adhana ya alfajiri ikianza naye anainua kichwa na kulia mlio mrefu, ule ambao nyanya zetu husema unatangaza msiba. Jirani wa chumba cha pili ameshagonga ukuta mara tatu. Mwenye nyumba amepiga simu, na hapigi simu ila tarehe ya kodi. Nawe umeketi ukingoni mwa kitanda ukijiuliza swali unaloona haya hata kumwambia beshte wako: je, naweza kumrudisha?

Unaweza. Kuna wakati hata unapaswa. Lakini si Jumatano.

Kwanza tuelewane kuhusu mbwa mwenyewe. Huyu si yule mtoto wa mbwa mwenye manyoya mengi anayeuzwa Nyali na cheti juu. Ni mbwa koko aliyeokolewa: kaokotwa barabarani, kwenye jaa, au katolewa kwa mtu aliyekuwa akimfunga mnyororo mchana kutwa juani. Watu wa makao ya wanyama wakamtibu kupe na vidonda, wakamchanja, wakamhasi, wakakupa. Kazi hiyo si ngeni nchini. Chama cha Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, KSPCA, kina mizizi inayorudi nyuma hadi 1910. Kigeni ni wewe na mimi, vijana wa Mishomoroni, Mikindani na Mtongwe, kwenda kuomba mbwa wa aina hiyo na kumleta kwenye keja ya chumba kimoja.

Na tunamwomba kwa nini? Wengine kwa mapenzi tu, sikatai. Lakini tuseme ukweli, upande huu wa bara wengi tunataka mlinzi. Mtu aliyewahi kusikia vijana wenye mapanga wakipita uchochoroni Kisauni saa moja ya jioni, mchana haujafunga vizuri, haulizi sana kabla ya kutafuta mbwa. Anataka kitu kitakachobweka mlangoni. Sasa anapewa mnyama ambaye maisha yake yote binadamu alimrushia mawe, anamleta nyumbani, na kufikia siku ya nne analalamika: mbona habweki? Nimemsikia kijana akisema hivyo kwa uchungu kabisa, kana kwamba kanunua redio isiyoshika stesheni.

Hapo ndipo ninapoomba subira. Waokoaji wa mbwa duniani wana kipimo chao cha kukadiria, si sheria: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za kwanza mbwa amechanganyikiwa tu. Anajificha, hali, anakojoa pasipofaa. Wiki tatu zikipita anaanza kujua saa zako, mlango wako, sauti ya pikipiki ya jirani. Miezi mitatu ndiyo huwa unamwona mbwa mwenyewe, tabia yake halisi, nzuri na mbaya. Kwa hiyo yule unayetaka kumrudisha siku ya nne hujamjua bado. Unarudisha woga wake.

Jaribu mambo madogo kwanza. Mwekee kona yake, boksi la kadibodi na leso kuukuu, mahali ambapo watu hawamruki. Mlishe saa zilezile. Usimpeleke maskani siku ya pili ili mbogi nzima imshike kichwa. Mtembeze alfajiri kabla lami haijapata moto, maana jua letu la Januari huchoma nyayo za mbwa kama linavyochoma zako ukivua ndara. Na ukiona anatetemeka mvua ya masika ikipiga mabati, usimkemee. Hata wewe ungetetemeka kama ungekuwa umelala nje ya mvua hiyo miaka miwili.

Haya. Umesubiri, umejaribu, bado haiwezekani. Sababu nyingine ni za kweli na hazina haja ya kuombewa radhi. Mbwa amemng'ata mtoto, au amemrukia mara ya pili na unajua ya tatu inakuja. Umepata kazi ya zamu kwenye bohari ya makasha Changamwe, unatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, mbwa anakaa ndani saa kumi na tano. Mwenye nyumba amekupa notisi. Mkataba wako, kama unao hata wa maandishi, unasema hakuna mifugo, na kwake mbwa ni mfugo kama mbuzi. Doo zimeisha. Hakuna kosa katika haya, kuna hesabu tu.

Kuna sababu moja ambayo watu wa Nairobi wanaoandika kuhusu mbwa hawaifikirii, nayo hapa kwetu ndiyo nzito kuliko zote: ploti. Nyumba ya Kiswahili ina korido moja, vyumba sita au vinane, choo kimoja, ua mmoja wa kufulia na kupikia. Majirani zako wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama anayetoka kuchukua udhu akigongwa na pua yenye majimaji kwenye buibui lake hajakasirika kwa sababu ana roho mbaya. Umemwongezea kazi kabla ya swala.

Usinielewe vibaya. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Kuna nyumba za Waislamu Likoni zenye mbwa wa miaka mingi. Lakini huyo mbwa analala nje, ana lango lake, ana ua wake. Hagawani korido na watu ishirini na watano. Ungebisha hodi kwa majirani kabla ya Jumamosi ile ungeyajua haya bure, na labda mngekubaliana: atalala upande gani, nani atamfungia saa za swala, nani hapendi kabisa. Hukubisha. Sasa mzee wa chumba cha mbele hakusalimii, na mbwa ndiye anayelipia.

Katika hali kama hiyo, kumrudisha ni heshima kwa pande zote, ya mbwa ikiwa ya kwanza. Mbwa anayekaa mahali anapochukiwa na watu wote hupigwa mateke wewe ukiwa kazini, au siku moja hutupiwa nyama yenye sumu. Usiseme hapana, unaijua mitaa yetu.

Kinachonisumbua ni kile watu wanachofanya badala ya kumrudisha. Wanaona haya. Wanaogopa yule dada wa makao atawatazama vipi, wanaogopa kuitwa wakatili. Basi usiku wanamlipa mtu wa tuktuk, mbwa anapelekwa Mwakirunge kwenye jaa, mlango unafunguliwa, safari imekwisha. "Kule kuna chakula tele," mtu anajifariji. Au wa Likoni anampa mtu ampeleke kusini huko, mbele ya Ng'ombeni, "kuna mashamba." Asubuhi akiulizwa anasema mbwa ametoroka.

Chakula kipo jaani, ndiyo, lakini kina wenyewe. Mbwa wa jaa wana mipaka kama magenge, na mgeni aliyezoea bakuli hupokewa kwa meno. Hajui maji yako wapi. Hajui lori linarudi nyuma vipi. Amekwisha kujifunza kwamba binadamu ana mkono wenye chakula, kwa hiyo sasa anawafuata binadamu, wakiwemo watoto wanaookota plastiki pale, nao wanamrushia mawe, naye anang'ata.

Na hapo ndipo jambo lako la siri linapokuwa la sisi sote. Kichaa cha mbwa bado kinaua Kenya. Serikali imekuwa ikikadiria hadi watu 2,000 kwa mwaka. Duniani ni takriban 59,000, na karibu wote, asilimia 99, waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kenya ilizindua mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na njia yenyewe haina miujiza: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka, virusi vinakosa pa kwenda. Mbwa mwenye mtu hupelekwa kuchanjwa. Aliyetupwa, chanjo yake inapitwa na wakati, na hakuna anayemshika tena. Mmoja aliyeng'atwa huko jaani hutamjua mpaka awe ameng'ata mtu, na mtu huyo atakuwa mtoto, maana watoto ndio wanaong'atwa zaidi. (Ukimwona aliyeng'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha mkimbize Port Reitz au hospitali yoyote iliyo karibu siku hiyohiyo. Usipake pilipili wala mafuta ya taa. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.)

Kisheria pia usijidanganye. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inataja kumtelekeza mnyama katika hali ya kumletea mateso kuwa kosa. Sijasikia mtu wa Kisauni aliyeshtakiwa kwa hilo, na pengine hutakuwa wa kwanza. Lakini kati ya wewe na aliyemfunga mbwa yuleyule mnyororo juani kabla hajaokolewa, tofauti imebaki ya usafiri tu.

Sasa niwageukie wale wanaocheka. Kila mtu anayerudisha mbwa kuna watu kumi wa kumsuta: "Mbwa si nguo ya mtumba, ati haikukutosha unairudisha." Maneno matamu, yanapata vicheko. Ila yule kijana wa pili anayeyasikia, mwenye mbwa wake wa matatizo nyumbani, hajifunzi kuvumilia. Anajifunza kutorudisha mchana. Kama unawapenda mbwa kweli, mwache anayemrudisha apite na salamu zake.

Na nyinyi mnaotoa mbwa, nanyi mna lenu. Mnapokuja kukagua nyumba mnauliza kama kuna ukuta na lango. Vizuri. Ulizeni pia: vyumba vingapi vinatumia ua huu? Mwenye nyumba amesema nini, na tunaweza kumpigia sasa hivi? Nani anabaki nyumbani mchana? Mkiambiwa "ni sawa tu" na kijana anayepanga chumba kimoja Bombolulu, msiridhike na "ni sawa tu". Na mwambieni mapema, siku ileile ya kumkabidhi, kwamba mlango wa kumrudisha uko wazi na hatafokewa. Mengine ya kumhoji yatafuata baadaye, pole pole.

Wewe uliyeamua, fanya hivi. Piga simu kwanza. Makao mengi hujaa, na kumtokea mtu langoni na mbwa mkononi ni kumtega. Wakikuomba wiki moja ya kutafuta nafasi, wape hiyo wiki. Usimtangaze "nampa bure" kwa yeyote anayejibu, kwa sababu wa kwanza kujibu mara nyingi anataka wa kufunga mnyororo, na kama hajahasiwa, wa kuzalisha. Mimba ya mbwa ni wiki tisa tu. Hesabu mwenyewe watoto watakaokuwa barabarani kufikia mwaka ujao.

Mrudishe na kadi yake ya chanjo. Waambie anachokula, anacholala juu yake, jina ulilompa hata kama ni Simba kama mbwa wengine wote wa Mombasa, na kama amelizoea. Waambie anaogopa fagio, au wanaume wenye kofia, au radi. Kama aling'ata, sema aling'ata nani, wapi, na kilichotokea dakika moja kabla. Hapa wengi hudanganya, wakidhani wanamtetea mbwa asiuawe. Unaposema "mpole tu, sina nafasi," atapewa familia yenye mtoto wa miaka mitatu Kiembeni, wiki ijayo, na watu ambao hawajui kwamba bakuli lake halishikwi akiwa anakula.

Mpeleke asubuhi kabla ya jua kali, na mtu wa tuktuk umwambie mapema kwamba abiria mwingine ni mbwa, wengine hukataa. Ukanda mpya wa shingoni uliomnunulia, mwachie nao.