MASHAURI YA NYUMBANI: Chombo Kisihukumiwe kwa Ushahidi wa Upande Mmoja



Katika nyumba zetu siku hizi vimeingia vyombo ambavyo wazee wetu hawakuvijua, navyo ni vile vinavyozungumza na simu bila ya waya. Kijana huvaa visikilizio vya masikioni apate kusikiliza darsa, spika huwekwa sebuleni ipate kusikizwa Qurani alfajiri, saa ya mkononi huhesabu hatua za mwenye kuivaa, na babu aliyepungukiwa na masikio huwa na chombo kidogo cha kumsaidia kusikia. Vyombo hivi vikiungana na simu, kila mtu hufurahi. Vikikataa, ndipo maneno yaanzapo: kijana hudai kwamba visikilizio vimekufa, mama hudai kwamba simu ndiyo mbovu, na baba hutia mkono mfukoni kwenda kununua vingine. Na mara nyingi kile kilichotupwa jaani kilikuwa kizima.

Twaona hapa makosa mawili. La kwanza ni israfu, na dini yetu imeikataza israfu kwa mwenye mali na kwa asiye nayo. La pili ni kuhukumu kwa haraka. Kadhi hakati shauri kwa kusikia maneno ya mdai peke yake; humwita na mdaiwa, akasikia pande zote mbili. Muungano wa simu na chombo chake nao una pande mbili, na mwenye kutazama upande mmoja tu hukosea zaidi kuliko apatavyo.

Yafaa kwanza tujue muungano huu ni kitu gani. Jina lake ni Bluetooth. Kazi yake ilianzishwa mwaka 1994 na wahandisi wa kampuni ya Ericsson katika mji wa Lund, nchi ya Sweden, na mwaka 1998 makampuni matano, yaani Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, yalishirikiana kuifanya iwe kanuni moja kwa wote. Jina hilo limetokana na mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald, aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu, naye akumbukwa kwa kuwaunganisha watu wa nchi yake. Sauti husafiri kwa mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4. Njia zilizotengwa kwa ajili ya sauti za kawaida ni 79, na simu pamoja na chombo chake huruka kutoka njia hii hadi ile kufikia mara 1600 kwa sekunde moja, ili zisigongane na mazungumzo ya wengine.

Lakini kabla ya kuruka pamoja, viwili hivi hapana budi viwe na ahadi. Siku ya kwanza tunapoviunganisha, kazi ambayo simu zetu huiita kuoanisha, kila kimoja hupokea ufunguo wa siri na kuuweka katika kumbukumbu yake. Kuanzia siku hiyo hujuana bila ya kuulizana tena. Ahadi imewekwa mahali pawili, ndani ya simu na ndani ya chombo. Mwenye kulishika neno hili moja ataweza kuyatengeneza mengi katika yale yanayomsumbua.

Basi chombo kikikataa, na tufuate daraja hizi, tukianza na lililo jepesi.

Kwanza, tutazame uhai wa pande zote mbili. Je, chombo kina moto wa kutosha? Chombo kilichopungukiwa na umeme huweza kuwasha taa yake na bado kikashindwa kuungana. Visikilizio vile vya vipande viwili huwekwa katika kikasha chao vipate umeme. Uchafu wa masikio ukiziba vile vidoa vya shaba, kipande kimoja hakipati kitu, na mwenye navyo husema kwamba upande wa kushoto umekufa. Tupanguse kwa kitambaa laini kikavu, tuvirudishe vyote viwili kikashani, kisha tuvitoe pamoja. Na katika simu tuhakikishe kwamba Bluetooth imewashwa, na ya kuwa mtoto hakuiacha katika hali ya ndegeni.

Pili, tuulize: chombo kimeshikana na nani wakati huu? Hapa ndipo penye fumbo la nyumba nyingi. Spika ya sebuleni iliwahi kuoanishwa na simu ya kaka. Kaka akirudi kazini na kuingia mlangoni, spika humtambua mwenziwe wa zamani na kumshika, na simu ya mama hukataliwa. Mama huona chombo kimeharibika, kumbe kimetimiza ahadi yake kwa mtu mwingine. Dawa yake ni kuzima Bluetooth katika zile simu nyingine zote zilizo karibu, hata kompyuta na runinga, kisha kujaribu tena. Vipo pia vyombo vinavyoweza kushika simu mbili kwa pamoja. Hivyo huweza kuikata darsa katikati kwa sababu tu simu ya pili imepokea ujumbe.

Tatu, ikiwa bado, tuifanye upya ahadi, na tuifanye upya pande zote mbili. Wengi hufuta jina la chombo katika simu peke yake, au simu yao hurudishwa katika hali ya upya na fundi, kisha wakastaajabu kwamba chombo hakikubali. Sababu ni kuwa upande mmoja umesahau na upande wa pili ungali wakumbuka ufunguo wa zamani. Basi funguo haziafikiani. Tuingie katika mipangilio ya simu, penye vifaa vilivyounganishwa, tuchague jina la chombo na kukiondoa. Kisha tuifute kumbukumbu ya chombo chenyewe, kwa kawaida kwa kubonyeza kitufe chake na kukishikilia kwa sekunde kadhaa. Karatasi iliyokuja ndani ya sanduku hueleza ni kitufe kipi na ni kwa muda gani, kwa hiyo karatasi hizo zisitumiwe kufungia njugu. Taa ikianza kumetameta, chombo kiko tayari kuoanishwa kama siku ya kwanza.

Ipo katika simu hatua kubwa kuliko hiyo, ya kurudisha mwanzo mipangilio yote ya mtandao. Tusiikimbilie, kwani hufuta pamoja nayo maneno ya siri ya Wi-Fi tuliyoyahifadhi, na nyumba nzima ikabaki kuulizana.

Nne, tutazame njia ya mawimbi. Chombo kikiungana lakini sauti ikakatika-katika, kosa huenda liko katikati. Visikilizio vingi vimefanywa kwa umbali wa mita 10 hivi penye uwazi, na kuta nene za mawe, kama zile za nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, huupunguza umbali huo sana. Mwili wa mwanadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, nao hunyonya mawimbi haya. Simu iliyo katika mfuko wa nyuma huweza kukatika, na ikihamishiwa mfuko wa kifuani ikatengenea. Wi-Fi ya nyumbani mara nyingi hupita katika masafa yale yale ya 2.4, na jiko la maikrowevu jikoni hufanya kazi katika masafa hayo pia. Kwa hiyo ikiwa sauti hukatika kila wakati wa kupasha chakula moto, tusitafute mchawi mwingine.

Tano, tutazame ruhusa. Mara nyingine muungano upo lakini kazi haifanyiki. Simu hutofautisha sauti ya mazungumzo na sauti ya maudhui, yaani ya kisomo, hotuba na mfano wa hayo. Moja yaweza kuwa imezimwa na ya pili imewashwa, na ndiyo sababu mtu husikia simu akipigiwa lakini hasikii Qurani. Saa za mkononi nazo hutegemea programu iliyomo ndani ya simu. Katika simu za Android za kabla ya mwaka 2021 programu hiyo huhitaji ruhusa ya mahali ili ipate kuitafuta saa. Tangu toleo la 12, lililotoka mwaka huo, iko ruhusa mbali ya vifaa vilivyo karibu. Aliyekataa kuitoa siku ya kwanza atahangaika mpaka airudie. Kadhalika kiokoa betri kikiwashwa huilaza programu ile, na saa ikanyamaza.

Baada ya daraja hizi ndipo hukumu iwezapo kutolewa, nayo hutolewa kwa kuleta shahidi wa tatu. Tukioanishe chombo na simu nyingine, ya jirani au ya ndugu. Kikikubali, aibu ni ya simu yetu. Kikikataa huko nako, na simu yetu yaungana na vyombo vingine vizuri, basi aibu ni ya chombo, na hapo kwenda kwa fundi au dukani si israfu.

Sasa twataka kusema neno juu ya wazee wetu. Kijana akikosa visikilizio vyake hukosa starehe. Mzee ambaye chombo chake cha kusikia kimeachana na simu hukosa sauti ya mwanawe aliye safarini. Husema "naam, naam" naye hakusikia neno, kisha huanza kuogopa kupokea simu, na mwisho watu wa nyumbani husema kwamba amekuwa mkimya kwa sababu ya uzee. Hilo ni dhulma, hata ikiwa hapana aliyeikusudia.

Vyombo hivi vina desturi zao. Si kila kimoja huweza kuzungumza na kila simu, kwa hiyo yapasa kuuliza kabla ya kununua. Vingi huwa tayari kuoanishwa kwa dakika chache tu baada ya kuzimwa na kuwashwa, au baada ya kufunguliwa na kufungwa kijumba cha betri. Dakika hizo zikipita, lazima kuanza tena. Na katika simu za iPhone, vile vilivyotengenezwa kwa ajili yake havitafutwi katika orodha ya Bluetooth pamoja na spika na visikilizio, bali katika sehemu ya ufikivu, penye vifaa vya kusikia. Wajukuu wengi wametafuta mahali pasipo, wakamwambia babu kwamba chombo chake kimekufa. Enyi vijana, mzee hana haja ya kujifunza haya yote. Ana haja ya mmoja wenu aketi naye kwa nusu saa, tena bila ya kuguna.

La mwisho ni amana. Ahadi iliyosahauliwa haileti usumbufu peke yake; huweza kuvunja sitara. Simu ya bwana ikijishika na spika ya sebuleni hali wageni wameketi, ujumbe wa sauti alioletewa na mkewe husikiwa na watu wote. Mtu akiuza simu, au akiirudisha gari ya kukodi, majina na nambari alizoziacha ndani huweza kubaki kwa mwingine. Suratun Nur imetufunza kubisha hodi na kutaka ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu; basi na sisi tusiache milango ya nyumba zetu wazi kwa uvivu wa kutofuta jina moja. Kabla ya kuuza, kuazima au kugawa chombo, tufute ahadi zake zote. Kabla ya kuingia msikitini, tuizime Bluetooth ikiwa simu yetu iliwahi kuoanishwa na vipaza sauti vya hapo. Na aliyeoanishwa na chombo cha jirani asikitumie bila ya idhini, hata ikiwa simu yake ingali yakubaliwa.

Twamwomba kila msomaji afanye jambo moja kabla ya mwezi huu kwisha: aifungue orodha ya vyombo iliyomo katika simu yake, aondoe asivyovitumia, kisha aende kwa mzee wa nyumba amfanyie vivyo hivyo. Kazi hiyo haigharimu hata senti moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuhifadhi mali, wenye kuchunga amana, na wenye kuwasikiliza wazee wetu nao wakatusikia. Amin.