Sindano ya mifupa isianzwe bila uhakika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu dawa za ugonjwa wa mifupa kudhoofika, ambao huwapata hasa akina mama waliokoma hedhi, na wazee wanaume pia.

Bibi akiteleza uani akavunjika nyonga, wengi wetu husema ni uzee tu. Lakini mfupa ni kama nyumba inayokarabatiwa kila siku: zipo seli zinazobomoa sehemu chakavu, na zipo zinazojenga upya. Hedhi ikikoma, wabomoaji huwazidi wajenzi na mfupa hubaki mwepesi. Ndiyo maana wataalamu wametafuta dawa za kuwazuia wabomoaji hao.

Katika hili wanastahili pongezi. Vidonge vya alendroneti viliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ugonjwa huu. Mwaka 2007 ikafuata asidi ya zoledroniki, ambayo hutolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka. Mwaka 2010 ikaja denosumabu, sindano ya kila miezi sita.

Ndugu Mhariri, hapa ndipo penye hoja yangu. Dawa mbili za kwanza hujishikiza kwenye mfupa wenyewe, na mgonjwa akiacha, nguvu yake hupungua polepole. Denosumabu haikai mfupani. Sindano ikicheleweshwa au ikikatizwa bila dawa nyingine kushika nafasi yake, wabomoaji hurudi kwa kishindo, na baadhi ya wagonjwa wamevunjika pingili kadhaa za uti wa mgongo. Sote tunajua kwamba dawa huweza kukosekana hospitalini, na mgonjwa huweza kukosa nauli. Je, ni haki kumwanzishia mama mzee dawa ya namna hii bila kumweleza hatari ya kuikatiza?

Wapo watakaosema kuwa denosumabu huongeza uzito wa mfupa kuliko alendroneti. Ni kweli. Tena wapo wagonjwa ambao figo zao hazimudu asidi ya zoledroniki. Hao daktari atawaamulia. Lakini uzito wa mfupa si kipimo pekee. Mwaka 2016 kampuni ya Merck iliacha kutengeneza odanakatibu, dawa nyingine ya kuwazuia wabomoaji, baada ya kuijaribu kwa wanawake zaidi ya 16,000. Mifupa iliyovunjika ilipungua, lakini waliopatwa na kiharusi waliongezeka.

Kwa hiyo naomba wahusika wafanye mambo matatu. Kwanza, dawa ya dripu ya mara moja kwa mwaka ipewe kipaumbele kwa wagonjwa wanaoimudu. Pili, asianzishiwe mtu denosumabu mpaka ipangwe tarehe ya sindano ijayo na dawa ya kufuata siku atakapoacha. Tatu, watafiti wa dawa mpya wapime pia yatakayompata mgonjwa aliyekosa dozi, maana wagonjwa wa namna hiyo ni wengi.

Nasi wananchi tusinunue vidonge hivi kiholela. Alendroneti humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na mtu asilale kwa nusu saa, la sivyo huunguza koo la chakula.

Dawa nzuri ni ile ambayo mgonjwa ataweza kuendelea nayo.

Msomaji wako,
Morogoro.