Visikilizio vya bei kubwa na vya bei ndogo

Wazazi kadhaa wametuuliza neno moja. Mwana wao yuko shule ya sekondari, au ameanza chuo kikuu, naye ataka visikilizio vya kuvaa masikioni ili asikilize masomo na muziki katika simu yake. Sokoni viko vya dola 2. Dukani viko vya dola 20. Nyuma ya vioo vya maduka makubwa viko vya dola 300. Je, hivi vya mwisho vyatoa sauti nzuri mara 150 kuliko vile vya kwanza? Swali ni la haki, maana mfuko utakaolipa ni uleule ulipao ada ya shule.

Twajibu mara moja: sivyo. Toka dola 2 hadi dola 20 sauti hubadilika sana. Toka dola 20 hadi dola 300 hubadilika kidogo, na mara nyingine kile cha bei ndogo ndicho kishindacho.

Hatusemi hayo kwa kukisia. Mwaka 2017 mtaalamu Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la chama cha wataalamu wa sauti cha Marekani uchunguzi wa vipimo vya visikilizio 283. Alitazama jinsi kila kimoja kinavyotoa sauti nzito, za kati na nyembamba, kisha akalinganisha vipimo hivyo na bei ya dukani. Hakuona uhusiano kati ya hivyo viwili.

Sababu yake ni nini? Ndani ya kisikilizio mna utando mwembamba, waya uliozungushwa, na sumaku. Umeme upitapo katika waya, utando hutetema, hewa hutetema nao, na sikio hupokea sauti. Ufundi huu si mgeni: Beyer wa Ujerumani walitoa visikilizio vya namna hiyo mwaka 1937, na mwaka 1958 John Koss, mtu wa Milwaukee huko Marekani, alitengeneza vya kusikilizia muziki wa stereo. Jambo ambalo viwanda vingi vimelifanya kwa miaka mingi haliwezi kubaki ghali. Lililo gumu ni kuusawazisha ule utando, usipaze sauti nzito na kumeza maneno ya mwimbaji. Hata hilo limechunguzwa. Katika kampuni ya Harman, Sean Olive na wenzake waliwapa watu visikilizio mbalimbali bila kuwajulisha jina wala bei. Wengi walipenda sauti ya namna moja, wajuzi na wasio wajuzi. Matokeo yalitangazwa, na leo kiwanda chochote chaweza kuyafuata. Ndiyo maana mwaka 2022 Moondrop, kampuni ya China, waliweza kutoa visikilizio vya waya viitwavyo Chu kwa dola 20 hivi, navyo vikasifiwa na wapimaji wengi. Upande wa pili, Sennheiser wa Ujerumani walitangaza mwaka 2015 chombo cha kusikilizia cha zaidi ya dola 50,000. Hiyo ni bei ya nyumba. Na tuwaachie wenyewe.

Atakaye kujua tofauti na achukue rumba ya zamani, yenye gita la solo, mi-solo na besi. Katika vile vya dola 2, mara nyingi besi huvuma kama pipa tupu, na mi-solo hupotea. Katika vya dola 20 vilivyo vyema, kila gita lajulikana mahali pake. Katika vya dola 300 utasikia pengine pumzi ya mwimbaji, au kidole kikiteleza juu ya uzi. Ni vizuri, lakini si wimbo mwingine.

Tena wengi husahau sikio lenyewe. Vile vidogo vya kutia ndani ya tundu huja na vifuniko vya mpira vya ukubwa mbalimbali. Kifuniko kisipoziba sawasawa, sauti nzito huvuja, na chombo cha bei yoyote hulia kama bati. Kabla ya kulaumu chombo, badili mpira.

Basi dola 300 hununua nini? Hununua jina, hununua vipaza sauti vya kuongea na simu, hununua kukosa waya. Na hasa hununua ufundi wa kuzima kelele za nje, ambao Bose wa Marekani waliwauzia marubani tangu mwaka 1989. Msafiri wa ndege atashukuru. Lakini visivyo na waya vina betri, na betri huchoka baada ya miaka michache. (Betri hizo nyingi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa kwetu, upande wa Kolwezi. Sisi twairudishiwa kwa bei nyingine.) Kinyume chake, Sony MDR-7506, vyenye waya, vimeuzwa tangu mwaka 1991, vyagharimu dola 100 hivi, na bado wapigaji sahani wavitumia. Mito yake ikichakaa, hununuliwa mingine.

Liko jambo moja ambalo bei ndogo yaweza kutugharimu, nalo si la muziki. Visikilizio visivyoziba huacha kelele za barabara ziingie. Kijana aliye katika basi hupandisha sauti ili aishinde injini. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa juma, na mtoto desibeli 75. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: penye desibeli 90, zabaki saa 4 tu kwa juma zima. Chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Mtoto akilalamika kwamba masikio yanalia baada ya kusikiliza, na apumzike, kisha apunguze sauti. Hapo ndipo twaona faida ya kuongeza dola chache, tupate vinavyoziba.

Mnapokwenda kununua, chukueni simu yenu na wimbo mnaoujua. Jaribuni viwili kwa zamu, mkisawazisha nguvu ya sauti kwanza, kwa maana chenye kelele zaidi hudanganya sikio kionekane bora. Sikilizeni upande wa kushoto, halafu wa kulia. Tikiseni waya karibu na kichwa chake. Ikikatika sauti, kirudisheni. Na mkiona jina kubwa kwa dola 5, jueni jina hilo limechorwa tu. Mwuzaji akikataa visijaribiwe, meza ya jirani yake haiko mbali.