Deni la Mwanafunzi Mgeni

Msomaji kijana, hapana shaka umekwisha kusikia sifa za masomo ya nyanjani katika nchi za ugeni. Mwanafunzi huvuka bahari, hukaa wiki tatu au nne mahali asipopajua, huuliza, hupima, huandika; kisha hurudi chuoni kwake akatunukiwa alama. Husemwa kwamba amejifunza jinsi watu na mazingira yao wawezavyo kudumu pamoja. Mimi sina ugomvi na safari. Ugomvi wangu ni na hesabu yake, maana upande mmoja hutoa na upande wa pili hupokea tu.

Itazame Gazi, kijiji cha wavuvi kilicho kilomita zipatazo 50 kusini mwa Mombasa. Katika miaka ya 1970 baadhi ya mikoko ya huko ilifyekwa kwa kuni za viwanda, pakabaki tope tupu. Miaka ya 1990 watafiti na wenyeji wakaanza kupanda upya. Tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, wamelinda hekta 117 za msitu, wakauza hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na mapato wakayatia katika maji na shule. Si ajabu basi kwamba wanafunzi wa Ulaya, wa Ubelgiji na Uskoti miongoni mwao, wamekwenda kusoma huko. Kitabu gani kingewafunza zaidi?

Lakini mwanafunzi huyo alifundishwa na nani? Profesa wake alimpa jina la Kilatini la mkoko. Aliyemwonyesha pa kukanyaga asizame topeni, aliyemtenganishia mchu na mkandaa, aliyemweleza maji ya bamvua hufika wapi, ni mvuvi au mama aliyeacha kazi yake asubuhi ile. Huyo naye ni mwalimu. Na mara nyingi mwalimu huyo haioni hata nakala ya insha aliyoifundisha.

Huenda ukanijibu kwamba mgeni alilipia chakula na malazi. Naam, alilipa, bei ya samaki hulipa samaki. Huenda ukasema tena kwamba wiki tatu ni chache, hazitoshi kujua lugha wala kufasiri kazi. Ikiwa ni chache kwa kutoa, mbona zilitosha kwa kuchukua? Na aulize swali dogo zaidi, kisha siku mbili za mwisho aketi barazani aseme, kwa Kiswahili kibovu au kwa mkalimani: niliona hivi, nilihesabu hivi, je, nimekosea? Mzee atakayecheka na kuisahihisha hesabu yake atamfaa kuliko mtahini.

Mti wenyewe una jambo la kumwambia. Miti mingi hupimwa unene katika kimo cha mita 1.3 kutoka chini. Mkoko, kwa mizizi yake iliyoinuka kama magoti, hukataa desturi hiyo: mpimaji hana budi kupandisha kipimo juu ya mzizi wa juu kabisa, la sivyo atapima mizizi akaiita shina. Kwa ajili ya mti mwanafunzi hukubali kubadili kanuni. Kwa ajili ya mtu huja na karatasi ya maswali iliyochapwa kwao, wala habadili hata neno.

Usidhani namsema Mzungu peke yake. Wewe wa Nakuru au Kisumu utakapopelekwa Gazi na shule yako, u mgeni vile vile. Na ukibahatika kufika kisiwa cha Samsø, Denmark, ambako wenyeji wana hisa katika mitambo ya umeme wa upepo, u mgeni zaidi. Kabla ya kufunga mzigo, waandikie wenyeji wako barua uwaulize kama liko jambo ambalo wao wenyewe wangependa lihesabiwe. Wakijibu kwamba wanataka kujua kaa wangapi wamebaki katika hori fulani, basi wahesabu kaa hao kwanza. Karatasi ya chuo itangoja.