'Eng.' ya Nairobi haivuki Namanga yenyewe

Ukifuzu digrii ya uhandisi leo, kesho mama anakuita "Injinia" mbele ya wageni. Hakuna ubaya, furaha ni yake. Shida huanza wewe mwenyewe unapobandika "Eng." kwenye CV na LinkedIn.

Sheria ya Wahandisi ya 2011 inataka usajiliwe kwanza na Bodi ya Wahandisi (EBK), na usajili wenyewe huja baada ya kufanya kazi si chini ya miaka 3. Kabla ya hapo wewe ni mhandisi mhitimu, basi.

Hata aliye na muhuri wa EBK, akifika Arusha haumruhusu kuidhinisha mchoro wa daraja. Tanzania ina bodi yake, ERB, Uganda vilevile. Mwaka 2012 bodi za nchi hizi 3 zilitia saini mkataba wa kutambuana. Wengi wanadhani mkataba huo ni ruhusa tayari. Wapi! Bado lazima usajiliwe kule, ila njia imefupishwa. Na si roho mbaya: jengo likiporomoka, bodi ya pale ndiyo itamwita aliyetia sahihi, na haiwezi kumwita mtu isiyemjua.

Kwa hivyo andika ukweli: "mhandisi aliyesajiliwa Kenya." Bodi nazo ziweke wazi ada na siku za kusubiri, kijana aliyepata kandarasi ya miezi 6 Arusha asije akaimaliza miezi hiyo akingoja cheti.