Zile Taa za Angani na Watu Wanaojibu Kabla ya Kuuliza

Jamani, tuanze na zile taa. Mstari mzima ulipita juu ya Kakuma kama saa moja na nusu jioni, taa zinafuatana kama shanga kwenye uzi, hakuna sauti, halafu zikaanza kuzimika moja moja kabla hazijafika upande wa pili wa anga. Waliona wengi, kutoka bloku hadi bloku. Kufika asubuhi makundi ya WhatsApp yalikuwa yamejaa video, na karibu kila video ilikuwa na muziki wa kutisha. Sisi tulikuwa nje jioni ile. Muziki haukuwepo.

Tangu siku hiyo kuna kambi mbili ndani ya kambi. Kuna wanaoamini, kwamba ni viumbe wa sayari nyingine, au ni ishara ya mwisho wa dunia, au ni vyote viwili. Na kuna wanaopinga, ambao hoja yao kubwa ni kucheka. Sisi wa kikundi tulibishana mpaka mwenye kibanda cha chai akatufungia, na tumekubaliana jambo moja tu: pande zote mbili zimetuchosha.

Jibu la zile taa lipo, tena si gumu. Ni setilaiti za Starlink. Kundi la kwanza, setilaiti 60, lilirushwa Mei 2019, na tangu hapo zimekuwa zikirushwa kwa makundi. Siku za mwanzo baada ya kurushwa huwa zinaenda karibukaribu kwa mstari, baadaye zinatawanyika. Hazina taa. Ni jua linazipiga. Huku chini kwetu jua limeshazama, lakini juu huko, mamia ya kilomita, bado linawaka. Setilaiti ikiingia kwenye kivuli cha dunia inapotea ghafla, na inayofuata inapotelea hapohapo, na inayofuata tena. Ndiyo maana zilionekana kama kuna mtu anazizima kwa swichi.

Kwa hiyo waliocheka wameshinda? Hapana. Waliocheka hawakujua hayo. Tuliwauliza. Mmoja alituambia ni ndege. Mwingine alisema ni Zuhura, kana kwamba Zuhura hutembea foleni. Walikuwa na uhakika kabisa kwamba hakuna kitu, na kitu kilikuwepo.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwenye kikao kimoja cha jamii. Mama mmoja wa Kikongo aliinua mkono, akauliza zile taa ni nini, na kama watoto waendelee kulala nje kwa hili joto. Mfanyakazi wa shirika fulani, hatulitaji, alicheka kwanza. Akamwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba hawa watu bado wanaamini mambo ya ajabu. Kisha akamgeukia mama: "Mama, hakuna kitu, endelea na maisha." Mama hajui Kiingereza. Sisi tunajua.

Na mama hakuuliza habari za viumbe. Mama anatoka Kivu. Huko, kitu kinachotembea angani usiku kinaweza kuwa droni, na droni si hadithi ya sinema. Muulizeni jirani yetu kutoka Sudan atawaambia hivyohivyo. Mtu aliyekimbia mabomu ana haki ya kuangalia juu na kuuliza ni nini kile. Dakika 2 za maelezo zingemtosha. Akapewa kicheko, na siku ile watoto wake walilala ndani, kwenye mabati, na joto lile mnalijua.

Wapinzani wetu wa WhatsApp watasema: sawa, hizo ni Starlink, lakini je, Ruwa? Wanapenda sana Ruwa, na kweli ni kisa kinachostahili kuzungumzwa, kwa sababu ni cha Afrika na kwa sababu mashahidi walikuwa watoto.

Tarehe 16 Septemba 1994, shule ya Ariel, mji mdogo wa Ruwa karibu na Harare, Zimbabwe. Ilikuwa mapumziko ya asubuhi, walimu wako kwenye kikao, watoto wako nje wanacheza. Mtu mzima pekee aliyekuwa karibu alikuwa mzazi aliyekuwa akiuza kwenye kiduka cha shule, na hakutoka kwenda kuangalia. Watoto 62, wa miaka 6 hadi 12, walisema waliona kitu cha kung'aa kwenye kichaka nje ya uwanja, na wengine wakasema waliona watu wadogo wenye mavazi meusi na macho makubwa. Siku 2 kabla ya hapo, moto mkubwa ulikuwa umeonekana angani sehemu nyingi za kusini mwa Afrika. Ulikuwa mabaki ya roketi ya Urusi yakiingia angahewa na kuungua. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa inazungumza habari za vitu vya angani kabla ya watoto kuona chochote.

Kisha wakaja wakubwa. Alikuja Cynthia Hind, aliyekuwa akikusanya habari za UFO barani Afrika, akawahoji watoto na kuwachoresha picha. Baadaye mwaka huohuo alikuja John Mack, daktari wa akili kutoka Harvard, ambaye tayari alikuwa ameandika kitabu kuhusu watu wanaosema walitekwa na viumbe wa angani. Kwenye mahojiano na Mack baadhi ya watoto walisema viumbe wale waliwapa ujumbe, kupitia macho, kwamba binadamu anaiharibu dunia.

Hapa ndipo mabishano yalipoharibika. Wanaoamini wanasema: michoro inafanana, kwa hiyo ni kweli. Wanaopinga wanasema: michoro inafanana kwa sababu watoto walihojiwa kwa makundi, wengine wakisikiliza, kwa hiyo waliambukizana. Na pale maelezo yanapotofautiana, wanaopinga wanasema hiyo ndiyo dalili ya uongo. Ukifanana umepanga, ukitofautiana umedanganya. Shahidi hana pa kupitia.

Sisi mchezo huo tunaujua. Wangapi hapa wamekaa mbele ya meza ya mahojiano wakaambiwa hadithi yako haishikamani, kwa sababu mwaka 2012 ulisema ni mvua ya kwanza na leo umesema ni Machi? Na wangapi wametoka kijiji kimoja, wakaeleza usiku uleule kwa maneno yanayokaribiana, wakaulizwa ni nani aliyewafundisha? Kaka mmoja wa kikundi chetu alisubiri miaka mitatu zaidi kwa sababu alitaja waliovamia kuwa 4 na dada yake akasema 6. Alikuwa chini ya kitanda. Dada yake alikuwa dirishani. Basi mtu wa humu kambini anaposimama na kusema "watoto wa Ruwa waongo, maelezo yao hayalingani," tunashangaa ameisahau lini meza ile.

Lakini msituelewe vibaya. Hatusemi chombo kilitua Ruwa. Mtoto anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu alichokiona, na tafsiri ya alichokiona ikawa ya mtu mwingine kabisa. Hayo ni maswali mawili, na watu wazima wote waliofika pale waliyafunga kama swali moja. Waliona nini? Swali la kwanza. Kilikuwa nini? La pili. Ukimheshimu shahidi kwenye la kwanza, bado una ruhusa yote ya kubisha kwenye la pili.

Tena kuna jambo kwenye kisa hiki ambalo watengeneza filamu huliruka. Baadhi ya watoto Waafrika pale shuleni hawakufikiria sayari nyingine hata kidogo. Walifikiri wameona tokoloshi, yule kiumbe mfupi wa hadithi za kwao, wakaogopa kuliwa. Sasa tuulizane. Mtoto akisema tokoloshi, hiyo ni imani ya kishamba, inapita. Profesa akisema huenda ni viumbe kutoka kwingine, huo ni uchunguzi, unapewa kamera. Kwani tofauti ni nini? Wote wawili walichukua kitu kisichojulikana wakakipa jina lililokuwa tayari mfukoni mwao. Ila mfuko mmoja ni wa Harvard.

Miaka imepita, watoto wale ni watu wazima. Wengi bado wanashikilia walichosema. Mmoja amejitokeza kwenye filamu akisema yeye ndiye aliyeanzisha yote kwa utani. Wanaopinga wamemshangilia huyo mmoja, wanaoamini wamemwita mwongo. Ni watu walewale waliokuwa wakisema watoto hawadanganyi! Inaonekana shahidi ni mkweli mpaka siku atakapobadilisha maneno.

Na hapa tunawageukia wanaoamini, kwa sababu mpaka sasa mmekuwa mkitabasamu. Mtu aliyekuamini kabla hujafungua mdomo hakukusikiliza. Alikuja na hadithi yake, akatafuta mdomo wa kuisemea. Sisi wakimbizi tumepigwa picha vya kutosha kujua hilo. Pia acheni kutuma zile namba bila kuzielewa. Ndiyo, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na mradi wa Blue Book, uliofungwa 1969, na ndiyo, kati ya ripoti 12,618 zilibaki 701 bila jibu. Ripoti 701 bila jibu ni ripoti 701 bila jibu. Hazigeuki kuwa vyombo 701. Hiyo herufi U kwenye UFO maana yake ni kwamba hakijatambulika, na nyinyi mnaitumia kana kwamba maana yake ni kimetambulika tayari na kinatoka Mirihi.

Mwaka 2022 NASA iliunda jopo la wataalamu 16 kuhusu jambo hili. Walisema hawakuona ushahidi kwamba vitu hivyo vinatoka nje ya dunia. Hapo wanaopinga walishangilia wakaacha kusoma. Jopo lilisema pia kwamba taarifa zilizopo ni mbovu, na kwamba moja ya sababu ni aibu: watu wanaogopa kuripoti kwa sababu watachekwa. Yule bwana wa kikao na NASA hawako upande mmoja, hata kama yeye anadhani hivyo.

Wapo pia wafanyabiashara wa hofu. Mhubiri mmoja, jina tunalo lakini hatuliandiki, alitangaza mikesha mitatu baada ya zile taa, kila mkesha na sadaka yake. Vijana wawili wa kidato cha nne waliacha kwenda marudio, kwa sababu dunia inaisha na mtihani wa nini. Mmoja tumemrudisha. Mwingine bado. Hasira yetu inatoka hapo. Mtu mwenye elimu akicheka badala ya kueleza, mwenye sadaka anachukua nafasi iliyobaki wazi.

Linganisheni na Mukuku. Tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, hapahapa Kenya, pete ya chuma ilianguka kutoka angani. Upana wake kama mita 2.5, uzito kama kilo 500. Wanakijiji walisema kitu kimeanguka kutoka juu. Hakuna aliyewacheka, kwa sababu kitu kilikuwa kimelala pale kichakani, bado cha moto. Maafisa walifika, wakazungushia eneo, na haukupita muda Shirika la Anga za Juu la Kenya likatoa taarifa: ni pete inayotenganisha sehemu za roketi, kwa kawaida ilitakiwa iungue njiani au iangukie pasipo na watu. Aliyesema vitu haviwezi kuanguka kutoka angani alikosea. Aliyesema ni chombo cha wageni alikosea. Mwanakijiji aliyesema "kuna kitu, njooni muangalie" ndiye aliyekuwa sahihi peke yake.

Tunajiuliza tu: pete ile ingeangukia lugga nyuma ya bloku zetu, na wa kwanza kuripoti akawa mtoto wa Kirundi wa miaka 9, angesikilizwa na nani?

Kwa hiyo, nyinyi wafanyakazi wa mashirika, tunaomba kitu kidogo, wala hakihitaji bajeti. Mtu akiwaambia ameona kitu, ulizeni kabla ya kujibu. Saa ngapi? Upande gani, wa milima au wa mto? Kilikaa muda gani? Kilikuwa na sauti? Kilizimika ghafla au kilififia? Kimondo huisha kwa sekunde chache. Setilaiti hupita kimya kwa dakika kadhaa. Droni ikiwa karibu utasikia mlio, na hilo si la kucheka kabisa, hilo ni la kuripoti.

Nanyi wenzetu wa makundi, ukituma video, acha sauti yake ya asili, andika tarehe, saa na mahali ulipokuwa umesimama. Ukiweka muziki tutaifuta. Tumeshawaambia wasimamizi.

Sisi tumeanza daftari. Liko kwa mwenye kibanda cha chai, ameridhia. Kila anayeona kitu aandike au aandikiwe, kwa lugha yoyote, tutatafsiri. Jumamosi jua likizama tunakutana uwanja wa mpira na simu moja yenye programu ya kuonyesha setilaiti zinazopita, tunalinganisha. Mpaka leo kuna maandishi 11. Tisa tumeyapatia jibu. Mawili tumeandika "hatujui", na moja kati ya hayo mawili ni la yule mama.